Kiti Kina Mtu

Ijumaa Kuu, Hayes, London, asubuhi.

Mvua ya rasharasha tangu kumekucha. Si ya kunyesha ikaeleweka, ni ile ya kuudhi tu. Ndege zinapita juu ya paa kama kawaida, zenyewe hazijui sikukuu. Nina kikombe cha chai ya tangawizi, miguu imevimba kwa kusimama jana kutwa, na moyo haujatulia. Nina hasira. Nina aibu pia. Lakini kuna jambo nimeliamua, na nataka kuliandika hapa kabla sijaanza kujionea huruma.

Jana nilikataa kugeuza kiti.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza, ngoja nianze na kiti chenyewe. Ushirika wetu wa Kiswahili unakodi ukumbi kule Peckham, nyuma ya maduka ya ndizi na ya nywele, na kila Alhamisi Kuu tunakula kile tunachokiita Pasaka ya Kiyahudi. Meza ndefu, vitambaa vyeupe, nyama ya kondoo, chapati kwa sababu hazina hamira, mchunga, ile mboga chungu, kwa ajili ya uchungu wa Misri, na juisi ya zabibu. Mchungaji Barnaba ndiye aliyeianzisha, mimi hata sijafikiria kuhamia Uingereza. Anawapenda Wayahudi, hilo sitamnyima. Hatufungi ibada yoyote ya Jumapili bila kuwaombea.

Kwenye meza hiyo kunawekwa kiti kimoja kitupu. Sahani yake ipo, kikombe chake kipo. Chakula kikikaribia kwisha, msomaji husimama, hukishika kile kiti, hukigeuza kikatazama ukutani, na husoma maneno kwamba aliyealikwa wa kwanza, yaani Myahudi, alikataa kuja, akamwua mwenye karamu, na nafasi yake tumepewa sisi. Watu huitikia Amina. Watoto hukipenda sana kipande hicho, maana kwao ndicho pekee chenye mambo. Nami nimeiitikia Amina hiyo mara kadhaa, chapati mdomoni.

Mwaka huu msomaji nilikuwa mimi.

Sasa hapo katikati kuna darasa, na darasa ndilo lililonifikisha hapa. Kazi yangu ni kupanga chakula cha abiria wa ndege, hapa karibu na uwanja wa Heathrow. Nasimamia meza ya vyakula maalumu: vya wagonjwa wa sukari, vya wasiokula nyama, vya Waislamu, vya Wayahudi. Hivi vya Wayahudi vinakuja vimefungwa tayari kutoka kwa wapishi wao, na sheria ni moja tu, usifungue. Abiria atafungua mwenyewe huko angani. Nimevipanga kwa miaka nikijiuliza, ni watu gani hawa? Naimba nyimbo za mababu zao tangu utotoni, najua majina ya wafalme wao kuliko ninavyojua ya machifu wa kwetu, na sijawahi kula nao hata kijiko cha wali. Nikaona nisife mjinga. Nikajiandikisha kwenye darasa la jioni katikati ya mji, la namna wanahistoria wa Kiyahudi wanavyoutazama mwanzo wa Ukristo.

Mwalimu anaitwa Naomi. Ni Myahudi, mwanahistoria, mwanamke wa makamo mwenye nywele za mvi zisizokubali kubanwa na sauti ya mtu aliyezoea kubishiwa. Jioni ya kwanza nilikaa nyuma kabisa, nimekunja mikono, nikisubiri amtukane Yesu. Majibu nilikuwa nayo tayari, yamejipanga.

Hakumtukana. Alimzungumzia kama mtu wa kwao.

Sijui niseme vipi jinsi nilivyojisikia. Kama mtu anayejua habari za mjomba wako zaidi yako. Alituambia Yesu alizaliwa Myahudi, akatahiriwa, akaomba kwenye sinagogi, akapanda Yerusalemu kwa sikukuu kama jirani zake wote, na alikufa bila kuwahi kulisikia neno Mkristo. Yale mabishano yake na Mafarisayo, ambayo mimi nimefundishwa kuyaona kama vita vya nuru na giza, yeye anayaona ni mabishano ya watu wa mezani pamoja. Alisema vitabu vya marabi wa zamani vimejaa mabishano ya namna hiyohiyo, rabi huyu anasema hivi, yule anasema vile, na wote wanarudi kesho yake kubishana tena. Msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi. Askari walikuwa wa Rumi, amri ilikuwa ya gavana wa Rumi, na kosa lililobandikwa juu ya kichwa chake lilikuwa la kuitwa mfalme katika nchi ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, mbona basi Injili zina hasira vile?

Akasema tuangalie zimeandikwa lini. Kwa maelezo yake, nyingi ziliandikwa baada ya Warumi kulichoma Hekalu. Kabla ya hapo palikuwa na makundi mengi ya Wayahudi, kila moja na mambo yake, na wafuasi wa Yesu walikuwa moja kati ya hayo. Hekalu lilipoungua yalibaki hasa mawili yenye nguvu ya kuendelea: wanafunzi wa marabi na wanafunzi wa Yesu. Kila kundi likasema, sisi ndio warithi. Kwa hiyo yeye hapendi kusema dini ya Kiyahudi ni mama na Ukristo ni binti. Anasema ni ndugu wa tumbo moja, waliokua pamoja baada ya nyumba ya wazazi kuungua, na barua na vitabu vyao tunavisoma leo kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani.

Halafu hawakubaliani hata wao kwa wao, na hilo lilinifurahisha. Kuna wanahistoria wa Kiyahudi wanaosema aliyetenganisha ni Paulo. Wengine wanasema hapana, Paulo alikuwa Myahudi mpaka mwisho, ila aliamini siku zimekwisha na mlango wa mataifa umefunguliwa. Na zamani kabisa, Naomi alisema, watu wake hawakutaka hata kulitaja jina la Yesu, kwa sababu waliolitaja kwa sauti walikuwa wanakuja na marungu. Nchi hii yenyewe iliwahi kuwafukuza Wayahudi wote. Miaka mingi ninaishi hapa, sikuwa najua.

Nilipokuwa narudi nyumbani jioni hiyo nilimkumbuka bibi yangu.

Kwetu, milimani Upare, nikiwa mdogo, mtaa wetu wa kanisa uligawanyika. Sababu? Mahali pa kujenga kanisa jipya. Wengine walilitaka juu kilimani, wengine bondeni karibu na maji. Wa juu wakaanza kuwaita wa bondeni waliomkataa Bwana. Wa bondeni wakawaita wa juu watu wa Farao. Hawa ni wajomba na mashangazi, wanaonyoana nywele. Jumapili ya mwisho ya kuwa pamoja, mzee wa juu alisimama akawaambia wa bondeni, "Wiki ijayo msije." Bibi alikuwa na kaka juu na dada bondeni, akawa anasikia maneno ya pande zote mbili na kulia. Mtu wa mbali angesoma yale yaliyoandikwa kwenye mikutano ile, angedhani ni makabila mawili yenye damu ya kisasi. Na wajukuu wetu wakifundishwa kwa maneno ya upande mmoja tu, watawachukia binamu zao bila kujua ni binamu.

Basi, nikawa mwanafunzi mzuri. Nikahamia kiti cha mbele. Na mdomo wangu, ambao mama alisema utaniponza, ukamwambia Naomi siku moja, kwa majivuno kabisa, "Sisi tunakula Pasaka ya Kiyahudi kila mwaka!"

Akaniangalia kwa hamu. Akasema angependa sana kuiona.

Mtu wa kwetu anamjibuje mgeni anayetaka kuja? Nikasema karibu.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu Mchungaji alikuwa ameshanipa karatasi za kusoma, na ukurasa wa kiti ulikuwemo. Nilimwendea mapema wiki hii. Nikamwambia, Mchungaji, maneno haya si sawa, na historia haiko hivyo. Akaniambia kwa upole, "Dada Elieshi, hayo tutayaongea baada ya Pasaka." Nikakubali. Nikajiambia nitafanya ujanja. Nitasoma kurasa zote, nikifika pale nitauruka ukurasa, nitaenda moja kwa moja kwenye baraka, watu watakuwa wameshiba na hakuna atakayegundua. Naomi hajui Kiswahili. Mambo yataisha salama.

Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote, kuruka ukurasa.

Jana Naomi alifika mapema akiwa na boksi la mikate yake mikavu isiyotiwa chachu, maana wiki hii kwao ni Pasaka. Si mtu wa dini sana, anasema mwenyewe, lakini wiki hii mkate hali. Nikampeleka jikoni nikamwonyesha chapati zangu, mlima mzima chini ya kitambaa. Nikamwambia kwa furaha, hazina hamira hata chembe, hizi unaweza kula.

Akaniuliza unga niliukanda saa ngapi.

Nikamwambia asubuhi, kwa sababu chapati bila unga kulala si chapati, ni ngozi ya ngoma. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema kwa wazee wao, unga ukishaguswa na maji ukaachwa hata nusu saa, huo tayari ni mkate. Chapati zangu zilikuwa zimelala tangu asubuhi. Miaka yote hiyo ushirika mzima umekula mkate wenye chachu ukidhani uko Misri unakimbia.

Kondoo naye hakufaa, hakuchinjwa kwa utaratibu wao. Halafu akanieleza kwamba kwao wengi hawali kondoo wa kuchoma kwenye karamu hiyo tangu Hekalu lilipoungua, na kwamba meza ya Pasaka kama wanavyoipanga leo ilipangwa sana na marabi baada ya Yesu. Sisi tunasema tunakula kama alivyokula yeye, kumbe tumeiga meza ya wale ndugu tunaosema walikataa kuja. Wali na maharage? Wiki hii upande wa baba yake hawali. Mwishowe akajipakulia kachumbari, mchunga na mayai ya kuchemsha tuliyowawekea watoto. Akina mama wa jikoni waliniangalia kama nimemleta mtu kumtesa kwa njaa. Mama Mchungaji alinivuta pembeni kuniuliza huyu dada anaumwa?

Sasa wakaja wageni kutoka mji wa Coventry. Hatukuwategemea. Magari mawili yamejaa, na watoto. Viti vikaisha. Mimi nilikuwa mbele na karatasi zangu, Naomi akatoka jikoni na sahani yake mkononi, akasimama kando ya ukuta.

Aliyemwona ni Obedi. Huyu ni kijana wa Bukavu aliyeanza kuhudumu mlangoni mwaka huu. Hajawahi kuwa nasi kwenye Pasaka. Akatazama ukumbi huku na huku. Akaona kiti kimoja hakina mtu, sahani ipo, kikombe kipo. Akakivuta. Akakifuta kwa leso yake mwenyewe. Akamkaribisha Naomi kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama anavyokaribishwa mkwe.

Nilikiona kitendo hicho chote kutoka mbele: kiti kilekile cha kugeuzwa.

Nikasoma. Nikasoma habari za Misri, nikasoma habari za bahari, nikasoma habari za chumba cha juu na mkate uliomegwa. Sauti ilikuwa nzuri, sijisifu, watu walisema. Nikafika kwenye ukurasa wenyewe. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, nikaanza, "Na sasa tusimame kwa baraka."

Kutoka upande wa pili wa meza, Mchungaji akasema kwa sauti ya kunisaidia, "Dada Elieshi, bado kiti."

Nikajifanya sikusikia.

"Kiti, dada. Umesahau kiti."

Hapo mtoto mmoja, wa hawahawa tuliowazaa London, anaelewa kila kitu na kujibu kwa lugha ya shule, akapaza sauti: "Auntie, you can't! There's a lady on it!" Yaani siwezi, kuna mama amekikalia.

Vichwa vyote vikageuka. Na Naomi, aliyeelewa Kiingereza cha mtoto na macho ya watu wazima, akaanza kuinuka na sahani yake ya mayai. Akauliza kwa Kiingereza, kwa aibu ya mgeni aliyeharibu kitu asichokijua, "Samahani, nimekalia kiti cha mtu?"

Sijui kama kuna swali limewahi kunichoma hivyo.

Mchungaji alisimama kuona kuna nini, akavaa miwani. Na hapa lazima nimtendee haki: hakuwa na ubaya usoni. Alitabasamu kwa heshima kabisa, akaniambia kwa Kiswahili, "Mgeni asimame kidogo tu, tukigeuze, halafu atakaa."

Halafu atakaa! Alimaanisha adabu. Alitaka desturi isivunjike na mgeni asiumie, vyote kwa pamoja, na hakuona kama kuna shida. Nami nilipokuwa nayasikia maneno hayo niliona vizuri kabisa kile ambacho wiki nzima nilikuwa nakikwepa. Tunawaombea kila Jumapili. Tunawapenda wakiwa mbali, wakiwa wa zamani, wakiwa jina kwenye wimbo. Siku mmoja wao amekuja kula mayai kwetu, tunamwomba asimame kidogo.

Nikamwambia Naomi kwa Kiingereza akae, kiti ni chake. Kisha nikauambia ukumbi, "Kiti kina mtu."

"Dada Elieshi."

"Hapana, Mchungaji. Kiti kina mtu."

Kwetu hatumwambii mchungaji hapana mbele za watu. Hata watoto wa Coventry waliacha kutafuna. Mwishowe mama mmoja akaanzisha wimbo, Mungu ambariki, na watu wakaimba kwa nguvu kuliko kawaida, kama wanaofunika kitu.

Baadaye Mchungaji aliniita kwenye ujia. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Aliniambia sikumkosea yeye, nimeikosea meza ya Bwana. Akasema Jumapili ya Pasaka, kabla ya mahubiri, nisimame niwaambie watu kwamba nilipitiwa, basi yaishe. "La sivyo, dada yangu, darasa la Maandiko itabidi tumpe mwingine. Siwezi kumwachia watoto mtu anayechanganya watu."

Darasa la Maandiko nililianzisha mimi, kwenye kona ya ukumbi, na watu watatu na chupa ya chai. Leo viti havitoshi. Sina mume, watoto wangu wako mbali na wana maisha yao. Nikiondoa kazi na usingizi, kinachobaki ndicho hicho. Nikifiwa, ni wale watakaokuja kukaa sakafuni kwangu. Nikiumwa, ni wale watakaoleta uji. Nikachukua koti langu nikatoka. Nilikuwa naogopa kulia.

Nilimsindikiza Naomi mpaka stesheni. Njiani akaniuliza yale maneno ya kiti ni maneno gani. Ningeweza kudanganya, tafsiri ilikuwa mikononi mwangu. Nikamtafsiria yote, hata lile la kuua.

Tukapita saluni ambayo watu walikuwa bado wanasukwa kwa ajili ya sikukuu. Kisha akaniambia kwamba bibi yake, huko Ulaya ya mashariki alikozaliwa, siku ya Ijumaa kama hii ya leo alikuwa anafunga madirisha yote na kuwaweka watoto chumba cha nyuma, mpaka watu watoke kanisani na wafike kwao na hasira ziwatoke. Hakuwa anajua walichosomewa huko ndani. Alijua tu kwamba wakitoka wanatoka tofauti na walivyoingia.

Akaongeza kwamba kwenye meza yao pia kuna kikombe cha mtu ambaye hayupo. Ni cha nabii Eliya. Jioni ile mtoto anatumwa kuufungua mlango, kama labda mwaka huu amekuja.

Nikamwomba msamaha. Akasema niache, msamaha nimeshauomba mbele za watu, na kwa lugha ambayo hakuielewa, na bado aliusikia. Kabla hajapanda treni akanishika mkono. "Mwakani nialike tena. Kama utakuwa bado unaruhusiwa kualika."

Hayo ndiyo ya jana.

Leo nimeamka nikiwa na pande mbili ndani yangu. Upande mmoja unasema, Elieshi, wewe ni nani? Sema ulipitiwa. Maneno mawili tu, dakika moja, darasa unabaki nalo, na ukiwa ndani unaweza kuwafundisha polepole, mwaka huu neno hili, mwaka ujao lile. Ni hoja nzuri. Nimeizungushazungusha kichwani tangu nimeamka, na kila nikiizungusha inafanana zaidi na ule ujanja wangu wa kuruka ukurasa.

Halafu simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Obedi. Ameambiwa na watu alichokifanya, maskini. Ananiita yaya, kwao ndiyo dada mkubwa.

"Yaya, pole sana. Ni miye nilimukalisha pale. Sikujua. Lakini yaya, miye nauliza tu, mugeni anasimama namna gani na kiti iko wazi?"

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vitabu. Nilikuwa nimejiandaa na Warumi, na Hekalu, na miaka ya kuandikwa kwa Injili, na mabishano juu ya Paulo. Vyote hivyo ni kweli na vyote nitavisema, kwa sababu watu wetu si watoto na wana haki ya kujua. Lakini Obedi hajakaa kwenye darasa lolote. Alifanya jana kile ambacho mama yake alimfundisha, na angeambiwa na askofu akigeuze kiti kile kukiwa na mtu juu yake, nadhani asingeelewa hata anaambiwa nini.

Nami nimefundishwa hivyohivyo. Bibi yangu angenipiga kofi kwa ule ukurasa wa kuruka.

Kwa hiyo sitasema nilipitiwa. Nimeandika ujumbe kwa Mchungaji, nimeufuta, nimeuandika tena. Chai imepoa. Huu ndio niliotuma:

"Mchungaji, shikamoo. Jumapili nitasimama kama ulivyosema, ila sitasema nilipitiwa, kwa sababu sikupitiwa. Nitawaambia Yesu alikuwa Myahudi mpaka pumzi ya mwisho, na aliyemsulubisha ni Rumi. Nitawaambia maneno makali tunayoyasoma ni ya ndugu waliogombana baada ya nyumba yao kuungua, na sisi tuliokuja baadaye tumeyachukua kama ni ya kwetu. Nitawaambia nilichokiona usoni mwa mgeni. Ukiona darasa nisiendelee nalo, nitakukabidhi ufunguo wa kabati na sitafanya fujo. Lakini kiti sigeuzi, wala sitamfundisha mtoto wa mtu kukigeuza. Nakuheshimu, na unajua hivyo."

Nikaweka simu kifudifudi mezani. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nikafikiria, ikiwa watanifunga mlango, hapa kwangu sebuleni kuna nafasi, na Hayes imejaa Waswahili wanaotoka zamu bila mahali pa kusali. Nitaanza tena na watu watatu na chupa ya chai. Ninajua inavyofanywa. Itauma sana, sitajidanganya, lakini nitaanza.

Nikageuza simu. Ameusoma. Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha anaandika tena, muda mrefu, nikajua yanakuja mahubiri mazima. Mchungaji Barnaba hajui kuandika kifupi. Hata akikutakia heri ya siku ya kuzaliwa anaanzia kwa Ibrahimu.

Nikamkumbuka yule mzee wa juu kilimani, siku ile aliposimama mbele ya ndugu zake akawaambia wiki ijayo msije. Nikajikaza. Niliyasubiri maneno hayohayo.

Simu ikatoa mlio.

"Marahaba. Nimesoma yote. Sikubaliani nawe. Jumapili wanatengeneza reli, treni zitasumbua, na wewe nakujua. Usichelewe."

Nimesoma mara ya pili, nimekaa chini nikalia, na sasa hivi ninavyoandika bado pua haijatulia. Sijui Jumapili itaishaje. Huenda darasa likaondoka, huenda akanijibu mbele za watu wote, na anajua kujibu. Nimeshaangalia mabasi. La kwanza linapita hapa nje kabla hakujapambazuka vizuri, na nguo nimeshainyoosha, inaning'inia mlangoni.

Sitachelewa.